UZI: Rat Pack ya Sinatra – marafiki watano, au mwenye kijiwe na wageni wake wanne?

Mzee wa Santuri (#1)

Wakuu, salaam.

Kuna picha moja ambayo wengi wenu mmeiona hata kama hamjui waliomo. Wanaume watano wamesimama chini ya bango la hoteli ya Sands, Las Vegas, mwaka 1960. Suti zimekaa, viatu vinang'aa, nyuso za watu wasiodaiwa kodi. Juu ya vichwa vyao majina yamepangwa kwa herufi kubwa: Frank Sinatra, Dean Martin, Sammy Davis Jr., Peter Lawford, Joey Bishop. Picha hii imetundikwa vinyozini na kwenye baa dunia nzima, na ukimuuliza mwenye baa atakwambia hao ndio marafiki wa kweli, siku hizi hakuna.

Marehemu baba alikuwa na santuri mbili za Sinatra na moja ya Dean Martin. Nimekua nikiamini habari hiyo hiyo ya mwenye baa. Uzeeni nimepata muda wa kusoma, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kile kilikuwa kijiwe chenye mwenyewe. Kiti ulikalia kwa ruhusa yake, na ruhusa ikiondolewa hupewi hata sababu. Nitaleta ushahidi kidogo kidogo, mwandiko wangu wa simu ni wa taratibu, nivumilieni.

Kwa wasiowajua. Sinatra alizaliwa 1915 Hoboken, New Jersey, mtoto wa wahamiaji wa Kiitalia. Dean Martin jina lake la kuzaliwa ni Dino Crocetti, mtoto wa kinyozi wa Steubenville, Ohio, 1917. Sammy ni wa Harlem, 1925, alipanda jukwaani akiwa mtoto mdogo pamoja na baba yake, na darasani hakukaa. Lawford ni Mwingereza, sura nzuri, kipaji cha wastani, lakini mwaka 1954 alimuoa Patricia Kennedy. Hilo jina la ukoo lishikeni. Joey Bishop alikuwa mchekeshaji.

---

Kiroboto (#2)

Rat Pack = kundi la panya. Kwa hiyo mzee unatuletea Panya Road waliovaa suti 😂

Naweka kambi hapa.

---

binti wa Chumbageni (#3)

Mzee wangu shikamoo. Kabla hujaendelea naomba niweke jambo moja sawa, maana kwenye nyuzi za namna hii wanawake huwa wanasahaulika.

Jina hilo Sinatra hakulibuni, wala kijiwe chenyewe hakikuanza kwake. Kilikuwa cha waigizaji wa filamu Humphrey Bogart na mkewe Lauren Bacall, nyumbani kwao mtaa wa Holmby Hills, Los Angeles. Mwaka 1955 kundi zima lilikwenda Las Vegas kumtazama msanii Mwingereza Noël Coward akiimba kwenye hoteli ya Desert Inn. Wakakesha siku kadhaa. Bacall akawatazama walivyochakaa kwa pombe na kukosa usingizi, akawaambia mnafanana na kundi la panya. Wakalipenda, wakapeana na vyeo: Sinatra mkuu wa kundi, Bacall mama wa pango, Judy Garland makamu wa kwanza wa rais. Yaani cheo cha pili kilikuwa cha mwanamke.

Bogart akafa kwa saratani Januari 1957. Sinatra alikuwa karibu na mjane, na mwaka 1958 akamposa. Habari ikavuja gazetini. Aliyeivujisha ni wakala Swifty Lazar, si Bacall. Sinatra akaacha kumpigia simu. Bacall ameyaandika mwenyewe: baada ya hapo walikuwa wakikutana kwenye shughuli na mwanaume anampita kana kwamba pale hakuna mtu.

Kwa hiyo aliyekipa kijiwe jina ndiye wa kwanza kufutwa. Endelea mzee.

---

Mzee wa Santuri (#4)

Marahaba binti. Umenifanyia nusu ya kazi.

Basi tuje Sands. Mwanzoni mwa 1960, kwa wiki kama nne hivi, hawa watano walikuwa Las Vegas wakipiga filamu ya wizi wa kasino, *Ocean's 11*. Mchana kamera, usiku jukwaani Copa Room, ukumbi wa chakula wa Sands, mdogo kuliko unavyodhani. Shoo mbili kwa usiku. Kisha baa na chumba cha mvuke, kulala sijui saa ngapi, halafu kamera tena. Hoteli za jirani zilijaa watu waliokosa nafasi Sands.

Walivyofanya jukwaani ni kama vurugu. Toroli la vinywaji linasukumwa mpaka katikati. Mmoja akianza wimbo wa mapenzi wa dhati, wenzake wanapita nyuma yake na suruali mkononi, au wanajibizana kwenye kipaza sauti cha pembeni. Watu walidhani yote yanatoka kichwani palepale. Sehemu kubwa ya vichekesho ilikuwa kazi ya Joey Bishop, yule wa mwisho kwenye bango.

Magazeti yaliita mikutano ile "Summit", kwa kuwa mwaka huo wakubwa wa dunia, Eisenhower, Khrushchev na wenzao, walikuwa wakijiandaa kwa mkutano wa kilele Paris. Jina jingine lilikuwa "Clan", na Sammy hakulipenda. Ukifikiria Ku Klux Klan utajua kwa nini. Jina la panya wenyewe hawakulitumia sana.

Na tarehe 7 Februari akaketi mezani seneta mmoja kijana wa Massachusetts anayetafuta urais. Sinatra akamtambulisha kutoka jukwaani. John F. Kennedy, shemeji yake Lawford.

---

Mtani wa Kweli (#5)

Mzee, nimewahi kusikiliza rekodi za hizo shoo. Ukiondoa muziki, kuna kitu kinakera. Taa zikizimwa Sinatra anamwambia Sammy atabasamu wapate kumuona. Dean Martin anambeba Sammy mikononi kama mtoto kisha anatangaza kwamba anawashukuru NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, kwa zawadi hii. Ukumbi unavunjika mbavu. Sammy anacheka kuliko wote, anapiga magoti, anapiga sakafu kwa mkono.

Sisi tunajua utani. Mimi Msukuma, Mzaramo akija msibani kwetu na vituko vyake sikasiriki, maana kesho nitakwenda kwake nimrudishie na hana la kunifanya. Utani ni pande mbili. Sasa nitajieni siku ambayo Sammy alimrudishia Sinatra kwa uzito uleule. Ya kwake alijielekezea mwenyewe: kwamba yeye ni chongo, mweusi na Myahudi, kwa hiyo ukimuuliza ana udhaifu gani kwenye gofu jibu ni hilo.

(Kwa wasiojua: jicho la kushoto lilitoka kwenye ajali ya gari Novemba 1954 akitoka Las Vegas kwenda Los Angeles, na baadaye akaingia dini ya Kiyahudi.)

---

ChaiYaRangi (#6)

Naona mnamhukumu mtu wa 1960 kwa sheria za leo.

Mtani, hiyo ajali uliyoitaja, aliyempeleka Sammy nyumbani kwake Palm Springs akauguze jeraha ni nani? Sinatra. Sammy anamuoa May Britt, mwigizaji wa Kiswidi, mwaka 1960, wakati ndoa ya mweusi na mzungu ni kosa la jinai kwenye majimbo mengi ya Marekani (mahakama kuu ilizifuta sheria hizo 1967). Vitisho vinakuja kila siku. Aliyesimama kama msimamizi wa bwana harusi ni nani? Sinatra. Januari 1961 Carnegie Hall, shoo ya kumchangia fedha Martin Luther King, waliopanda jukwaani ni Sinatra, Dean na Sammy.

Las Vegas wenyewe waliita Mississippi ya Magharibi. Msanii mweusi anajaza ukumbi, akimaliza anatolewa kwa mlango wa jikoni, anakwenda kulala ng'ambo ya reli, Westside, kwenye nyumba za kupanga, kwa bei ya kunyonywa. Sinatra alikataa hayo kwa wenzake. Alitumia jina lake. Mngetaka afanye nini tena?

---

Mzee wa Santuri (#7)

ChaiYaRangi, yote uliyoandika ni kweli na sitafuta hata mstari. Sinatra aliuchukia ubaguzi tangu utotoni, na mkono wake ulikuwa mwepesi kutoa.

Ila milango ya hoteli usimpe yeye peke yake. Filamu ilipomalizika Las Vegas, mwezi uliofuata, Machi 1960, daktari wa meno mweusi wa mji ule, James McMillan, aliyekuwa akiongoza tawi la NAACP, aliwapa wenye hoteli tarehe: ama mfungue milango, ama tunaandamana barabarani mbele ya watalii wenu. Tarehe 26 Machi wakakaa kikao ndani ya Moulin Rouge, hoteli iliyofunguliwa 1955 kwa watu wa rangi zote na kufungwa kabla ya mwaka kwisha, wakakubaliana. Wenye kasino waliogopa hasara. Daktari wa meno hana picha vinyozini.

Sasa Sammy. Mwaka 1959 alihojiwa na redio moja Chicago, akasema anampenda Frank, lakini kuwa na kipaji si ruhusa ya kuwatendea watu vibaya. Kisa chote ni hicho. Sinatra akamuondoa kwenye filamu waliyokuwa wafanye pamoja, nafasi akapewa kijana aitwaye Steve McQueen, ikamfungulia njia. Sammy alifungiwa simu na milango kwa miezi mpaka alipoomba radhi. Ukitazama ile picha ya bango, ujue mtu wa tatu ametoka kusamehewa juzi.

Halafu ndoa. Ilipangwa Oktoba 1960, uchaguzi ni tarehe 8 Novemba. Wapinzani wa Kennedy Kusini walikuwa wameshaanza maneno: rafiki wa mgombea anakuwa msimamizi wa mweusi anayeoa mzungu. Sammy akaisogeza harusi mpaka tarehe 13 Novemba, siku tano baada ya kura, ili asimharibie Frank na Kennedy. Huyo huyo Sammy aliyezomewa na wajumbe wa Kusini kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic mwezi Julai, akiwa amesimama kwa ajili ya wimbo wa taifa.

Kennedy akashinda. Sinatra na Lawford wakapewa kazi ya kuandaa tamasha la mkesha wa kuapishwa, 19 Januari 1961. Sammy alikuwa amealikwa. Siku chache kabla, ujumbe ukaja kutoka upande wa rais mteule: asije. Hapo ndipo ninapokwama kila mara. Sinatra aliendelea na tamasha. Theluji ilimwagika Washington usiku ule mpaka mji ukasimama, tamasha likachelewa, lakini likafanyika.

---

Kiroboto (#8)

Daah. Yaani umesogeza harusi yako, halafu sherehe yao hualikwi.

Sammy alikuwa na moyo wa chuma au alikuwa na njaa?

---

binti wa Chumbageni (#9)

@Kiroboto alikuwa mweusi Marekani mwaka 1961. Hilo swali lako ungemuuliza yeyote kati yao ungepata jibu moja.

---

Nyar Kendu (#10)

Hamjambo ndugu wa Bongo. Mimi nasoma kutoka Kisumu na nina mawili ya kuongeza, mtanisamehe kama nitawatoa nje ya njia.

La kwanza, Sinatra alifika Kenya. Novemba 1952, wakati hali ya hatari ilikuwa imetangazwa mwezi mmoja tu nyuma na askari wamejaa barabarani. Hakuja kuimba. Alimsindikiza mkewe wa wakati huo, Ava Gardner, aliyekuwa akiigiza filamu ya *Mogambo* pamoja na Clark Gable na Grace Kelly (hilo neno mogambo msilitafute kwenye kamusi ya Kiswahili, halimo). Walipiga kamera Thika, Naivasha, Isiolo, na hata kwenu Tanganyika huko mto Kagera. Mume alikuwa amefulia kabisa. Kampuni ya santuri ilikuwa imemuacha, wakala alikuwa amemuacha, anakaa kambini mchana kutwa akimsubiri mkewe atoke kazini. Ndipo ikaja simu ya maandishi kutoka Hollywood: njoo ujaribiwe nafasi ya askari Maggio kwenye filamu ya *From Here to Eternity*. Akaruka kwenda, akajaribiwa, akarudi Kenya kabla ya Krismasi. Malipo ya nafasi hiyo yalikuwa dola 8,000. Machi 1954 ikampa Oscar.

Nasema haya kwa sababu huyu mwenye kijiwe wenu alijua maana ya kuachwa na kila mtu. Labda ndiyo maana aliwahi kuacha kabla hajaachwa. Ni mawazo yangu tu.

La pili, mwaka huohuo wa 1960 Tom Mboya alimfuata Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port, na wakfu wa familia ukatoa dola 100,000 kulipia ndege za wanafunzi wetu. Msimamizi wa wakfu huo alikuwa Sargent Shriver, naye pia ameoa dada wa Kennedy. Kwa hiyo shemeji mmoja alikuwa Sands na suruali mkononi, mwingine alikuwa akitafutia vijana wa Kenya na Tanganyika nauli.

---

Mzee wa Santuri (#11)

Nyar Kendu, asante sana. Hilo la kuacha kabla ya kuachwa nitalilalia.

Umemtaja shemeji, basi tummalize. Sinatra alimpa Lawford jina la utani, Brother-in-Lawford, kwa kuchezea neno la shemeji na jina lake. Na hiyo haikuwa mara yao ya kwanza kuwa marafiki. Miaka ya 1950 Sinatra alimnunia kwa miaka kadhaa kwa kosa la kuonekana mezani na Ava Gardner ndoa ilipokwisha vunjika. Akamrudisha kundini 1958, wakati nyota ya Kennedy ilikuwa inapanda. Kila mtu ajazie mwenyewe. Lawford alirudi na zawadi pia: hadithi ya *Ocean's 11* yeye na mkewe ndio walioinunua.

Machi 1962 Rais Kennedy alikuwa aende California na kulala nyumbani kwa Sinatra, jangwani karibu na Palm Springs. Sinatra alijiandaa kama mwali anayesubiri kutolewa. Alijenga nyumba za wageni, akavuta laini za simu, akatengeneza uwanja wa saruji wa kutua helikopta. Kumbe mdogo wake Rais, Robert, mwanasheria mkuu wa serikali, alikuwa anapambana na mafia, na faili la Sinatra lilikuwa na jina la Sam Giancana, bosi wa Chicago. Akasema kaka halali kwenye nyumba aliyolala Giancana. Kazi ya kupeleka ujumbe akapewa shemeji.

Rais akaenda kulala kwa Bing Crosby. Crosby! Mwimbaji mwenzake, tena wa chama cha Republican.

Lawford hakuwa na uwezo wowote kwenye uamuzi ule. Alikuwa tarishi. Lakini Rais humnunii, mdogo wake Rais huna la kumfanya, basi mzigo ukamuangukia aliyebeba barua. Simu zake hazikupokelewa tena. Filamu zilizofuata za kundi akaondolewa, na mwaka 1964 walipotengeneza ya majambazi wa Chicago, nafasi iliyokuwa yake akapewa, nadhani mmeshahisi, Bing Crosby.

Patricia naye akamtaliki 1966. Lawford alikufa mkesha wa Krismasi 1984, maini na figo zimeisha kwa pombe. Sinatra alikuwa hajamrudisha.

Sasa pangeni wenyewe: Bacall 1958, Sammy 1959, Lawford 1962. Kila mara kosa ni lilelile. Hakuna aliyemuibia wala kumpiga. Watu walimuona Frank akiaibika, na aliyekuwa karibu akalipa.

---

Kiroboto (#12)

Mzee, si wanasema alichukua nyundo akauvunja ule uwanja wa helikopta kwa mikono yake?

---

Mzee wa Santuri (#13)

Wanasema. Imesimuliwa mara nyingi na kila msimuliaji nyundo yake inazidi ukubwa. Mimi nimeiacha.

---

ChaiYaRangi (#14)

Bado nasimama na Frank, ila hilo la Lawford sina utetezi.

Swali: Dean Martin mbona hamumgusi? Kila mtu anakatwa, yeye hakatwi.

---

Mzee wa Santuri (#15)

Swali zuri, na Dean ndiye niliyempenda kuliko wote baada ya kusoma.

Dean hakuhitaji kijiwe. Alishakuwa na mwenza mmoja wa jukwaani, mchekeshaji Jerry Lewis, kuanzia Julai 1946 mpaka Julai 1956, miaka kumi kamili hadi tarehe, wakajaza kumbi zote za Marekani kisha wakaachana bila kusemeshana. Watu wakasema amekwisha. Baada ya hapo nadhani hakumtegemea mtu tena moyoni. Jukwaani alijifanya mlevi, glasi haimtoki mkononi, kumbe usiku anapenda kurudi kulala mapema kwa sababu asubuhi ana gofu. Sinatra hakuvumilia mtu kuaga kabla yake, wengine walikaa mpaka jua linachomoza wakisinzia kwa woga. Dean alinyanyuka tu akaenda. Mwaka 1964 wimbo wake ukawashusha Beatles kutoka namba moja, kuanzia 1965 akawa na kipindi chake cha televisheni kilichodumu miaka tisa, na mazoezi hakuhudhuria.

Machi 1987 mwanawe, Dean Paul, rubani wa ndege ya kivita, aligonga mlima San Gorgonio. Mlima huohuo uliochukua ndege ya mama yake Sinatra Januari 1977. Dean hakuwa yule tena. Sinatra akafikiri dawa ni kazi, akapanga ziara ya watatu: yeye, Dean, Sammy. Ikaanza Oakland Machi 1988, kumbi za maelfu ya watu, si Copa Room. Dean aliimba maonyesho machache, walipofika Chicago akapanda ndege akarudi nyumbani. Liza Minnelli, binti wa Judy Garland yule makamu wa rais wa panya, akaja kujaza nafasi.

Sammy alikufa Mei 1990 kwa saratani ya koo, akiacha deni kubwa la kodi. Las Vegas ilizima taa za barabara yake kuu dakika kumi kwa ajili yake. Miaka 30 na kidogo nyuma asingepewa chumba humo. Dean alikufa siku ya Krismasi 1995. Sands ilibomolewa kwa baruti Novemba 1996. Sinatra, Mei 1998.

---

Mtani wa Kweli (#16)

Na yule Joey Bishop? Tumemaliza uzi mzima kama alivyomaliza shoo, amekaa nyuma.

---

Mzee wa Santuri (#17)

Ha ha, kweli kabisa. Joey aliandika vichekesho, akapata vipindi vyake vya televisheni, akahamia Newport Beach ufukweni. Alikufa Oktoba 2007 akiwa na miaka 89. Kati ya wale watano wa bango, yeye ndiye wa mwisho.